Waranti hailipi data: historia ya diski, nakala na Ziwa Victoria

Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kinatoka Bugolora, Ukerewe, kwenda kisiwa cha Ukara. Kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa kufika. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliookolewa walikuwa 41, na miili iliyopatikana ilizidi 220. Piga hesabu mwenyewe, utaona tatizo la kwanza.

Tatizo la pili halizungumzwi sana. Siku zile za mwanzo, ndugu waliosimama ufukweni walikuwa na swali moja: humo ndani walikuwemo wangapi, na akina nani? Hakukuwa na wa kuwajibu kwa uhakika. Ilielezwa wakati ule kwamba mkata tiketi alikuwa miongoni mwa waliofariki, na mashine iliyotunza kumbukumbu za tiketi ilizama na kivuko. Idadi ikabidi ijulikane kwa njia ngumu kuliko zote, yaani kuhesabu miili.

Miaka 22 kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Mpaka leo ukisoma habari za ajali ile utakutana na makadirio yanayotofautiana kwa mamia ya watu. Makaburi ya Igoma yapo, lakini orodha kamili ya majina haipo.

Usishangae kwamba makala inayohusu hadi diski imeanzia majini. Ajali hizi mbili zinaonyesha namna mbili za kupoteza data. Ya kwanza ni kutoandika kabisa. Ya pili ni kuandika vizuri, kisha rekodi ikasafiri kwenye chombo kilekile inachokihusu, bila nakala kubaki nchi kavu. Na hii ya pili ndiyo inayotupata wengi wetu tunaobeba utafiti wa miaka miwili kwenye laptopu moja.

Neno tulilokuwa nalo zamani

Simu za Android zilipowekewa Kiswahili, kwenye mipangilio paliandikwa "cheleza". Wataalamu wa istilahi walichukua neno "chelezo" wakalipa maana ya nakala ya akiba. Vijana wengi waliliona geni, wakaendelea kusema bakapu.

Lakini mtu wa Mwanza hana sababu ya kulishangaa. Chelezo linatokana na kuelea. Ni boya, ni kitu kinachobaki juu ya maji. Ni pia mahali meli inapopandishwa ili itengenezwe. Pale Bandari ya Mwanza Kusini kimejengwa chelezo kwa ajili ya kazi ya meli mpya ya MV Mwanza, na magazeti yaliliandika neno hilo kila wiki.

Kwa hiyo shika maana hii tunapoendelea: chelezo ni kile kinachobaki juu chombo kinapokwenda chini. Ukikifungia ndani ya chombo hichohicho, kimekuwa mzigo tu.

Zamani diski ilikuwa ya kukodi

Diski ya kwanza ya kibiashara ilitoka kwenye maabara ya IBM kule San Jose, California, mwaka 1956. Iliitwa IBM 350, sehemu ya kompyuta ya RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na kipenyo cha inchi 24, zikizunguka kwenye mhimili mmoja. Uzito wake ulifika karibu tani moja, na ilihamishwa kwa mashine ya kunyanyulia mizigo. Na yote hayo yalihifadhi herufi milioni 5 tu. Picha moja ya simu yako ya leo huenda isingeingia.

Angalia jambo moja ambalo hupitwa na wengi: mtambo ule haukuuzwa kama tunavyonunua diski leo. Makampuni yalikodi mfumo mzima, kwa takriban dola 3,200 kwa mwezi. Mali ilikuwa ya IBM. Ikiharibika, fundi wa IBM alikuja na boksi lake la vifaa, kwa sababu kilichoharibika ni chake. Mteja hakuhitaji waranti, kama ambavyo mpangaji hahitaji waranti ya bati la nyumba.

Mwaka 1973 IBM ilitoa diski iliyopewa jina la utani Winchester. Sahani na vichwa vya kusomea viliwekwa pamoja ndani ya boksi lililofungwa, vumbi lisiingie. Diski karibu zote zilizofuata zimerithi umbo hilo. Kisha mwaka 1980 kampuni changa iliyokuja kuitwa Seagate ikatoa diski ya inchi 5.25 yenye megabaiti 5. Karibu ujazo uleule wa RAMAC, ila sasa unabebeka kwa mkono, na unanunua moja kwa moja.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Ulipoanza kuinunua diski, hatari yake ukainunua pia. Badala ya fundi wa kampuni, ukapewa karatasi, na karatasi hiyo ndiyo waranti.

Kwa nini diski hufa

Ndani ya diski kuna sahani inayong'aa kama kioo. Kwenye laptopu nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde. Juu yake kuna kichwa kidogo kinachosoma na kuandika usumaku. Kichwa hicho hakigusi sahani. Kinaelea juu ya tabaka jembamba la hewa inayoburutwa na mzunguko wenyewe, kwa umbali wa nanomita chache. Unywele wako una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Chembe moja ya moshi ni kubwa kuliko nafasi ile.

Sasa elewa kwa nini kudondosha diski ikiwa inafanya kazi ni balaa. Kichwa hugonga sahani na kukwangua ngozi ya usumaku, na vumbi linalotoka hapo huenda kukwangua kwingine. Ule mlio wa tik, tik, tik ni mkono wa kichwa ukitafuta njia yake bila kuipata, ukirudi mwanzo, ukijaribu tena.

Umeme nao ni adui, ingawa si kwa namna wengi wanavyodhani. Umeme ukikatika ghafla, diski za kisasa hutumia nguvu iliyobaki kwenye mzunguko wa sahani kurudisha vichwa mahali salama. Kinachoumia hapo mara nyingi ni faili lililokuwa linaandikwa. Hatari kwa diski yenyewe huja umeme unaporudi kwa kishindo na kuunguza bodi ya elektroniki. Ndiyo maana stabilaiza nzuri, au kuchomoa kabisa umeme unapokatika, si ushamba.

Diski za kisasa zisizo na sahani, zile za SSD, hazina kichwa cha kugonga. Zinavumilia kudondoka. Lakini seli zake huchakaa kwa kuandikwa, na sehemu yake ya udhibiti inaweza kufa ghafla bila mlio wowote. Tofauti yake na diski ya sahani ni kwamba SSD hufa kimyakimya.

Karatasi ya waranti imeandika nini hasa

Historia ya waranti za diski ni kama mawimbi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 miaka mitatu ilikuwa kawaida kwa diski za kompyuta za mezani. Mwaka 2000 IBM ilitoa diski za Deskstar 75GXP, ambazo zilisifiwa kwa kasi, kisha zikaanza kufa kwa wingi kiasi kwamba wateja walizipa jina la Deathstar, nyota ya mauti. Mwaka 2001 kesi ya pamoja ya wateja ilifunguliwa Marekani. Muda mfupi baadaye IBM, iliyoianzisha teknolojia hii, ikauza biashara yake ya diski kwa Hitachi.

Oktoba 2002 Seagate, Western Digital na Maxtor walipunguza waranti za diski zao nyingi za mezani kutoka miaka mitatu hadi mmoja. Mwaka 2004 Seagate ikageuka, ikatoa miaka mitano, kwa sababu ushindani ulikuwa mkali na waranti ndefu ni tangazo zuri. Mwaka 2011 mafuriko makubwa yalizamisha viwanda nchini Thailand, kikiwemo cha Western Digital cha Bang Pa-In. Diski zikaadimika duniani na bei ikapaa. Desemba ya mwaka huohuo Seagate na Western Digital wakatangaza kupunguza waranti tena kwa aina nyingi za diski.

Unaona kitu hapo? Diski hazikuwa dhaifu mara tatu zaidi mwaka 2002, wala imara mara tano mwaka 2004. Waranti ilipanda na kushuka kwa sababu za soko. Ni ahadi ya kibiashara. Haikuambii diski itaishi muda gani.

Na ahadi yenyewe ni ya nini? Soma masharti ya waranti ya diski karibu yoyote, utakuta mambo haya. Kampuni itakupa diski nyingine, ambayo inaweza kuwa iliyotengenezwa upya. Haiwajibiki kwa data zilizokuwemo. Ukifungua boksi lake mwenyewe, waranti imekufa. Na diski mbovu ni lazima uirudishe.

Yaani unarudishiwa chuma. Tasnifu yako, picha za marehemu bibi, hesabu za duka na madodoso ya vijiji kumi havimo kwenye mkataba. Hata ukilipwa diski mbili badala ya moja, zitakuja tupu.

Kwetu kuna ugumu wa ziada. Diski nyingi zinazouzwa mitaani zimetoka ndani ya kompyuta za mtumba. Waranti yake, kama ilikuwepo, ilikuwa ya mtengenezaji wa kompyuta ile, kwa nchi ile, na imeshakwisha. "Gerentii" ya wiki mbili ya dukani ni neno la muuzaji tu. Si vibaya kuichukua, ila idai kwa maandishi pamoja na risiti ya EFD. Kwa diski mpya za makampuni makubwa, unaweza kuingiza namba yake ya utambulisho kwenye tovuti ya mtengenezaji na kuona kama waranti ipo hai. Fanya hivyo kabla hujatoa hela.

Miaka 114 iliyokuwa miaka mitatu

Huenda umewahi kuona kwenye maelezo ya diski kwamba wastani wa muda kabla ya kuharibika ni saa 1,000,000. Gawa kwa saa 8,760 za mwaka, unapata miaka 114. Kumbe diski inamzidi umri babu yako?

Hapana. Maana yake ni kwamba ukiwasha diski 114 kwa mwaka mmoja, tegemea moja kufa. Ni kama asilimia 0.88 kwa mwaka. Hivyo ndivyo karatasi inavyosema.

Mwaka 2007, kwenye mkutano mmoja wa kisayansi, makundi mawili yalileta hesabu za uhalisia. Bianca Schroeder na Garth Gibson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walichunguza kumbukumbu za diski takriban 100,000. Walikuta diski zinazobadilishwa kwa mwaka mara nyingi ni asilimia 2 hadi 4, na kwenye baadhi ya mitambo asilimia 13. Watafiti wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, nao walichunguza diski zaidi ya 100,000 za kampuni yao. Diski za mwaka wa kwanza zilikufa kwa asilimia 1.7. Zilizofikisha miaka mitatu, zaidi ya asilimia 8.

Jambo jingine la Google lilikuwa chungu zaidi. Kila diski ina mfumo wa kujikagua uitwao SMART, unaotakiwa kukuonya mapema. Zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja kati ya dalili nne kubwa. Zilikuwa nzima jioni, asubuhi zimekufa.

Kwa hiyo ukisema "nitahamisha data ikianza kusumbua", unategemea onyo ambalo mara nyingi haliji.

Hesabu za gunia la dagaa

Garth Gibson tuliyemtaja alishakuwa na jina katika fani hii. Mwaka 1988, akiwa Berkeley pamoja na David Patterson na Randy Katz, alichapisha makala iliyoleta wazo la RAID. Hoja yao ilikuwa rahisi: badala ya kununua diski moja kubwa ya bei kali na kuiombea uzima, nunua nyingi za bei nafuu, ukubali kwamba zitakufa, kisha uzipange ili moja ikifa nyingine zijaze pengo.

Inawezekanaje bila kunakili kila kitu mara mbili? Chukua mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Jumatatu ameuza magunia 7, Jumanne 5, Jumatano 9. Pembeni ameandika jumla: 21. Maji yakimwagika, namba ya Jumanne ikafutika, hana shida. Anachukua 21, anatoa 7, anatoa 9, anapata 5. Namba moja ya ziada imelinda namba tatu.

Diski hufanya hivyohivyo kwa sifuri na moja, na ile "jumla" hukaa kwenye diski nyingine. Ila namba mbili zikifutika kwa pamoja, jumla haitoshi tena.

Hapo ndipo penye kasoro. RAID hulinda diski moja isife na data. Hailindi chumba. Radi ikipiga, mwizi akibeba boksi, au bomba la ghorofa ya juu likipasuka, diski zote zinapata msiba mmoja. Na ukifuta faili kwa bahati mbaya, mfumo utalifuta kwa uaminifu mkubwa kwenye diski zote.

Hesabu ya uwezekano inaeleza vizuri. Tuseme kila diski ina nafasi ya asilimia 4 ya kufa mwaka huu. Ukiwa na diski mbili zisizotegemeana, nafasi ya zote kufa mwaka huohuo ni 0.04 mara 0.04, yaani 16 katika 10,000. Hiyo ni nafuu kubwa. Lakini hesabu hii ni halali kwa sharti moja tu: zisitegemeane. Diski mbili ndani ya begi moja kwenye daladala ya kwenda Nyegezi zina nafasi moja tu ya kuibwa, na likibebwa begi zinaondoka zote. Kumbuka kivuko na mashine yake ya tiketi.

Ziwa lililopimwa mahali zaidi ya pamoja

Sasa turudi ziwani, mara hii kwa habari njema. Kina cha Ziwa Victoria kimekuwa kikipimwa tangu 1896. Vipimo vilichukuliwa bandari tofauti, Entebbe, Jinja na Kisumu, na baadaye Jinja ikawa ndiyo rejea kuu, kwa sababu hapo Mto Nile unatoka ziwani.

Ziwa ni moja, kwa hiyo kina kikipanda Kisumu kitapanda Entebbe. Kipimo cha bandari moja kikikaa vibaya au kikikosekana kwa muda, vingine vinasaidia kugundua kosa na kujaza pengo. Ni "jumla" ya yule mfanyabiashara wa dagaa, ila imetengenezwa na maji yenyewe. Tena vipimo havikukaa kwenye daftari la bandarini peke yake. Misri, ambayo uhai wake ni Nile, ilivikusanya, na wahandisi wa Cairo wakiongozwa na Harold Hurst walivichapisha kwenye vitabu kuanzia miaka ya 1930. Daftari la bandari likiliwa na mchwa, kitabu kipo kwenye maktaba za nchi nyingine.

Faida yake ilionekana lini? Kati ya mwishoni mwa 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili. Mwaka 2020 likapanda tena, likameza mialo, gati na nyumba za ufukweni kutoka Mwanza hadi Kisumu. Watu wakauliza: hii imewahi kutokea? Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42. Rekodi ya Mei 1964 ilikuwa 13.41. Tofauti ya sentimita moja, miaka 56 baadaye, ilijulikana kwa sababu kuna mtu aliandika na mwingine akanakili. Bila hivyo tungebaki na kumbukumbu za wazee, nao wazee hawakubaliani.

Mfano mwingine uko Ghuba ya Mwanza. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, akiwemo Frans Witte, walianza kuorodhesha furu, wale samaki wadogo wa rangi ambao ziwa lilikuwa na spishi zaidi ya 500. Walihifadhi sampuli kwenye chupa na kuzipeleka Leiden. Miaka michache baadaye sangara, aliyepandikizwa upande wa Uganda miaka ya 1950, akajaa kwenye ghuba na furu wakatoweka kwa makundi. Inakadiriwa spishi kama 200 zilipotea au zilikaribia kupotea. Spishi nyingine tunazijua leo kwa sababu ya zile chupa tu.

Hapa pana funzo lenye pande mbili. Nakala iliyo mbali ndiyo iliyookoa. Lakini nakala ikiwa mbali tu, mwanafunzi wa Mwanza anayetaka kuona samaki wa ziwa lake anahitaji viza. Nakala ya mbali huokoa data isipotee. Ya karibu ndiyo inayokuwezesha kuitumia. Zote mbili zinahitajika.

Basi ufanyeje, na hela ya boom ndiyo hiyo?

Miaka ya 2000 mpigapicha Mmarekani, Peter Krogh, alilifupisha jambo hili kwa namba tatu: 3, 2, 1. Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine. Hebu tuiweke Kimwanza.

Nakala ya kwanza ni ile unayofanyia kazi kwenye laptopu. Ya pili iwe kwenye diski ya nje, inayokaa nyumbani na wala haitembei na laptopu. Ichomeke siku moja maalumu ya wiki, nakili, kisha ichomoe. Ikikaa imechomekwa muda wote, radi au kirusi kinachofunga mafaili kitaikuta hapohapo. Ya tatu iende mbali: kwenye wingu, au kwenye diski ya dada yako aliyeko Bukoba. Flashi ni ya kusafirishia. Usiifanye ghala.

Bando likiwa tatizo, usipandishe video. Tasnifu nzima kwa maandishi pamoja na majedwali ya data mara nyingi haifiki megabaiti 50. Anza na vile ambavyo huwezi kuvitengeneza upya: madodoso, rekodi za sauti, picha. Programu na vitabu vya PDF utavipata tena.

Na usilifanye wingu kuwa nakala pekee. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania na majirani zake kwa siku kadhaa. Data za watu hazikupotea, lakini aliyekuwa na wasilisho Jumatatu, na faili liko kwenye wingu tu, alijionea. Wingu nalo ni chombo kimoja.

Ukiwa na data za watu, kama majibu ya wagonjwa au wahojiwa, kila nakala ifungwe kwa nywila. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Na kumbuka waranti inadai urudishe diski mbovu. Uko tayari kuituma ng'ambo ikiwa na majina ya wagonjwa ndani? Wakati mwingine jibu sahihi ni kusamehe waranti.

Kisha, mara moja kwa muhula, fanya kitu ambacho karibu hakuna anayekifanya: fungua nakala yako kwenye kompyuta nyingine. Usitazame jina la faili tu. Lifungue, shuka mpaka ukurasa wa mwisho. Nakala ambayo hujawahi kuifungua ni boya ambalo hujawahi kulitupa majini. Hujui kama litaelea.

Na ikitokea diski imeanza kugonga leo na huna nakala? Zima, sasa hivi. Kila dakika inayozunguka inaweza kuwa inakwangua. Usiiweke kwenye friji kama wanavyoshauriana watu, unyevu utaimaliza. Usiifungue sebuleni. Usikubali ifomatiwe "ili iamke". Muulize fundi kwanza kama atanakili diski nzima kabla ya kujaribu chochote. Kama hajaelewa swali lako, mshukuru na uondoke na diski yako. Waranti iweke kando mpaka uamue kipi unakitaka zaidi, diski mpya au kilichokuwemo.

Diski unayotumia wakati huu itakufa. Huenda mwaka huu, huenda baada ya miaka minane, na haina wajibu wa kukuaga. Waranti yake itakulipa chuma kwa chuma, kama ilivyoahidi, wala usiilaumu. Kazi ya kuhakikisha kuna kitu kinabaki juu ya maji haikuwahi kuwa ya mtengenezaji. Ni yako, na inachukua kama nusu saa ya Jumapili jioni.